Kwota ya pamba na bei ya kanga: maswali mnayoniuliza dukani kila siku

Assalaam alaykum jamaa. Mie nauza kanga, vitenge na bafta hapa mjini Unguja, na kila bei ikipanda naulizwa mie kana kwamba mie ndo nnayekaa na Wachina kupanga. Juzi nimemwambia bi mkubwa mmoja, mteja wangu wa siku zote, "Bi mkubwa, haya mambo ya kwota za pamba huko China", akanitizama, akacheka, akasema "nyie wenye maduka hamkosi neno". Basi nimeona niyaandike yote pamoja, anayeuliza namtumia kwenye WhatsApp, mwenye subira atasoma mpaka chini.

Kwota ndo kitu gani? Zile nyumba za serikali?

Hapana bwana, zile ni kota. Hii ni kwota, yaani mgao. Serikali ya nchi inasema mwaka huu pamba ya kutoka nje itaingia kiasi hichi, basi. Zipo za namna mbili. Ile ya zamani ilikuwa ya kufunga mlango, kiasi kikishafika hakiingii tena hata ratili moja. Ya sasa hivi nchi nyingi zinatumia ile ya milango miwili, na hii ndo watu inawachanganya. Chukulia boti ya Pemba siku ya kuamkia Idi. Tiketi za bei ya kawaida zipo lakini zina idadi yake, zikisha hukatazwi kusafiri, unaambiwa VIP ipo, toa hela. Kwota ya kisasa ndo hivo hivo: pamba iliyo ndani ya mgao inalipa ushuru mdogo, iliyozidi mgao inaingia pia lakini ushuru wake unaumiza.

Kwani sisi Zanzibar tunayo kwota ya pamba?

Hatuna. Na tungeiwekea nini, hapa haiji pamba ghafi ya maana, hapa kinakuja kitambaa kishafumwa kishachapwa na jina lake juu. Sisi tumo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo forodha ni ile ile ya pamoja, na forodha ile kwenye nguo inatumia ushuru, haihesabu robota. Leta kontena moja leta kumi, ilimradi ulipe. Ila ushuru wenyewe si mchezo. Kanga, kikoi na kitenge ziko kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya na zinatozwa asilimia 50 zikitoka nje, ilhali kiwango cha juu cha kawaida tangu Julai 2022 ni asilimia 35. Ya kiwanda cha Bara au cha Kenya ikiwa na cheti chake cha asili haikutani na ushuru huo. Halafu kila mwaka bajeti ya Juni nchi moja moja zinaomba kutofautiana kidogo, inatoka kwenye gazeti rasmi la Jumuiya, ndo maana kiwango cha mwaka jana usikichukulie kuwa ndo cha mwaka huu.

Anayekusanya ushuru huo wa forodha hapa ni TRA. Nalisema hili kwa sababu watu wanakwenda kugombana ZRA, yaani mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kwa mambo ambayo si yao.

Sasa kama hatuna kwota, ya Wachina yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu kanga ni pamba, na pamba ina bei moja ya dunia, inapangwa kwenye soko la New York kwa senti za dola kwa ratili. Pamba inachambuliwa, inasokotwa uzi, uzi unafumwa kitambaa cheupe, kile kinachapwa, ndo inakuwa kanga. Kila hatua mtu anaongeza chake. Sehemu kubwa ya kanga nnazouza zinachapwa India na China, nyengine viwanda vya Bara. Basi serikali ya China au ya India ikigusa mlango wa pamba, mwenye kiwanda anakokotoa upya, na mie baada ya miezi mitatu minne nakuta bei ya korija, yaani doti ishirini, imebadilika, hapo ndo nnakutana na nyie.

Nilipima doti moja ya pamba tupu kwenye mizani ya dukani, haikufika nusu kilo. Robota moja la Kimarekani ni ratili 480, yaani kilo 218 hivi. Ukitoa inayopotea kiwandani, robota moja linatoa kama doti mia nne. Kwa hiyo pamba ghafi ndani ya kanga yako si kitu kikubwa sana kwa bei, msije mkasema pamba imepanda asilimia kumi na kanga nayo ipande kumi. Mwenye duka akikwambia hivo anakuibia. Na mie mkinikamata nnasema hivo mniambie.

Hiyo kwota ya China inaendaje?

China waliingia Shirika la Biashara Duniani Disemba 2001 na katika masharti waliyokubali ni kuruhusu tani 894,000 za pamba kila mwaka kwa ushuru wa asilimia 1 tu. Hiyo namba haijabadilika mpaka leo. Ikizidi hapo ushuru ni asilimia 40.

Hebu tupige hesabu ya dukani. Tuseme tani moja imefika bandarini kwa dola 2,000, namba ya mfano tu hii. Ndani ya kwota unalipa dola 20. Nje ya kwota dola 800. Pamba ile ile, meli ile ile, tafauti dola 780 kwa tani, na mwenye kiwanda cha kati anataka tani elfu moja, maana yake dola 780,000 zimekaa kwenye karatasi ya kibali cha kwota. Sio kwenye pamba, kwenye karatasi. Hapo ndo utajua kwa nini watu wanahangaikia kwota, na wazee wetu waliokuwa wanafukuzia vibali vya kuagizia mali kabla biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 80 hawahitaji kuelezwa hili. Aliyekuwa na kibali alikuwa tajiri kabla hajaleta hata jora moja.

Karatasi anapewa nani?

Kule theluthi moja, yaani asilimia 33, imetengewa makampuni ya serikali, iliyobaki viwanda vyengine vinaomba. Maombi yanakwenda Oktoba kwa ajili ya mwaka unaofuata, wanatizama ulitumia kiasi gani huko nyuma na mashine zako. Ukipewa na hukuitumia yote unatakiwa urejeshe kabla ya 15 Septemba wagaiwe wengine, ukikaa nayo mwakani unapunguziwa. Hilo la kurejesha nalipenda, sio kama kwetu mtu anashika fremu ya duka miaka minne imefungwa kufuli na wengine wanatafuta pa kukaa.

Mie nnasikia kuna kwota ya nyongeza, hiyo nayo?

Ipo. Tani 894,000 haziwatoshi miaka mingi, kwa hiyo serikali yao inatoa mgao wa ziada ikiona viwanda vinalia, na huo ushuru wake unapanda na kushuka. Pamba ya nje ikiwa rahisi sana ushuru unakuwa mkubwa, ikiwa ghali ushuru unashuka, lengo ni pamba ya mgeni isimuue kwa bei mkulima wao wa Xinjiang, jimbo lao la pamba. 2021 walitoa ziada ya tani 700,000, 2024 wakatoa 200,000 tu. Sasa angalieni, tani laki saba na tani laki mbili si hadithi moja. Ndo maana wafanyabiashara wa pamba dunia nzima wanasubiri tangazo hilo kama tunavosubiri mwezi wa Ramadhani kuandama, huyu kasikia umeonekana, yule anasema bado.

Haikwepeki?

Inakwepeka, tena kihalali, na hapa ndo pananifurahisha zaidi. Kwota imewekwa kwenye pamba. Uzi haumo! Uzi wa pamba uliokwisha kusokotwa unaingia China bila kwota. Basi 2011 mpaka 2014 serikali yao ilikuwa inanunua pamba ya wakulima kwa bei ya juu sana na kuiweka maghalani, ghala likajaa zaidi ya tani milioni 10, bei ya ndani ikawa juu kuliko ya dunia, na mwenye kiwanda hana kwota ya kutosha ya kuleta ya nje. Alifanya nini? Akaacha kununua pamba akanunua uzi kutoka India, Pakistan na Vietnam. Zaidi ya tani milioni 2 za uzi ziliingia kwa mwaka. Wachina wengine wakahamisha mashine zao kabisa wakaenda kusokotea Vietnam, pamba inaingia kule bila shida, inarudi China ikiwa uzi.

Yaani wameziba dirisha wameacha mlango. Aliyeumia ni msokotaji mdogo wa China mwenyewe, kwota ilikuwa imlinde mkulima, yeye akawa ndo mlipaji. Mie hili naliona kwenye kila kizuizi cha biashara, ukimlinda mmoja angalia aliyesimama nyuma yake.

Marekani wao wanauza pamba dunia nzima, wanaweka kwota ya nini?

Swali zuri na jibu lake linachekesha. Marekani waliweka kwota ya pamba 1939, kwa sababu serikali ilikuwa inampa mkulima wao bei nzuri, sasa wakaogopa pamba rahisi ya nje isije ikaingia kula bei ile. Kila nchi ikapewa fungu lake mpaka ratili ya mwisho. Mexico ratili milioni nane na kitu. Haiti ratili 237, hiyo hata robota halikamiliki. Na Afrika Mashariki ya Waingereza, yaani sisi sote huku pamoja, tulipewa ratili 2,240.

Soma tena. Ratili 2,240 ni tani moja ya Kiingereza, kilo elfu moja na kidogo. Kwa mwaka. Kwa Uganda, Kenya na Tanganyika nzima na pamba yake yote. Kwa hesabu yangu ya juu ni doti kama elfu mbili, korija mia, mzigo ambao wiki moja kabla ya Idi hapa mjini unaisha na watu bado wanauliza ile nyekundu imebaki? Kwota ile ilidumu miaka na miaka, mpaka 1995 mkataba mpya wa biashara ya dunia ulipoigeuza kuwa ya milango miwili.

Sasa hivi wana nyengine ya dharura. Pamba yao ikifikishwa Asia Mashariki kwa bei inayozidi bei ya dunia wiki 4 mfululizo, wanafungua kwota maalumu ya kuingiza, kiasi chake ni pamba ambayo viwanda vyao vinatumia kwa wiki moja. Uinunue ndani ya siku 90, iingie ndani ya siku 180. Hii sio ya kumlinda mkulima, ni ya kumwokoa mwenye kiwanda pale mkulima anapokuwa ghali mno.

Na India?

India wao wanapenda zaidi ushuru. Februari 2021 waliweka asilimia 11 kwenye pamba ya nje, Agosti 2025 wakaiondoa kwa muda mpaka mwisho wa mwaka ule kwa sababu viwanda vyao vya nguo vilikuwa na hali ngumu. Kwota waliyonayo ni ya Australia, kwenye mkataba wao ulioanza 29 Disemba 2022: robota 300,000 za kilo 170, sawa na tani 51,000, zinaingia bila ushuru.

Lakini India iliyotuumiza sisi ni ile ya 2010, na ile ilikuwa kwota ya kutoa, sio ya kuingiza. Walizuia pamba yao isitoke, halafu wakairuhusu kwa mgao wa robota milioni 5.5 kwa msimu wa 2010/11. Mwaka huo huo Pakistan ikapata mafuriko makubwa. Ratili moja ya pamba ambayo watu wamezoea kuiona chini ya dola moja ikavuka dola 2 mwanzoni mwa 2011. Nakumbuka mwaka ule nilibadilisha bei ya doti mara tatu kabla ya Ramadhani, na kuna mama mmoja wa Mkokotoni aliyekuwa anachukua kwangu jumla akanambia "mwanangu mie nikirudi shamba na bei hii wataniona nimekula pesa". Alikuwa sahihi. Akarudi na korija nusu.

Zamani hapa Unguja mambo haya yalikuwepo?

Kwota hazikuwepo, Unguja ilijengwa kwa milango wazi. Sayyid Said alisaini mkataba na Marekani 1833, ushuru wa kuingiza mali yao ukawekwa asilimia 5 basi, na balozi wao mdogo akafika 1837. Kilicholetwa kwa wingi ni kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kimefumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Kwa kuwa kilitoka Marekani watu wakakiita merikani na jina limebaki mpaka leo, bibi yangu kila kitambaa cha aina ile alikiita merikani hata kikiwa kimeandikwa kwa Kichina pembeni.

Halafu 1861 Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Pamba ya kusini ikazuiliwa na manowari isitoke, viwanda vya kaskazini vikakosa, merikani hapa ikawa adimu na ghali, na nguo za Waingereza na za India zikaingia kuchukua nafasi. Hakukuwa na karatasi ya kwota lakini kazi iliyofanyika ni ile ile, mlango umefungwa upande mmoja wa dunia, Unguja wanahisi.

Kuna kisa chengine cha 1934. Japani ilikuwa inauza kitambaa rahisi sana, Waingereza viwanda vyao vya Lancashire vinakufa, basi wakaweka kwota kwenye makoloni yao: nguo za Kijapani zisizidi wastani wa 1927 mpaka 1931. Makoloni mengi yakabanwa. Lakini Kenya, Uganda na Tanganyika zikaponyoka, kwa sababu mikataba ya zamani ya bonde la Kongo ilisema eneo hili biashara ni sawa kwa mataifa yote. Mijapani ikaendelea kuingia, mtu wa kawaida akavaa.

Kwota za nguo ndo zile zile za pamba?

Sio zile zile lakini ni ndugu. Kuanzia 1974 nchi tajiri zilikuwa na utaratibu wa kugawa mashati na suruali kwa nchi moja moja, Hong Kong kiasi hichi, India kiasi hichi. Matokeo yake viwanda vilivyojaza mgao vikawa vinatafuta nchi ambayo mgao wake haujajaa. Majirani zetu wa Mauritius walineemeka hivo, wenye viwanda wa Hong Kong walikwenda kule kufungua kwa sababu karatasi ya Mauritius ilikuwa bado nyeupe. Mie nnapowasikia watu wanasema Mauritius walifanikiwa kwa akili tu nacheka kidogo. Akili ipo, lakini na kwota ya jirani ilijaa.

Utaratibu ule ukamalizika 1 Januari 2005. Ndani ya miezi nguo za China zikamiminika Ulaya, Ulaya wakashtuka, Juni wakakubaliana na China viwango vipya, vikajaa mara moja, na bidhaa zilizokuwa ziko njiani zikakwama bandarini. Mamilioni ya sweta, suruali na sidiria zimekaa kwenye makontena na msimu unapita, wenye maduka wamekwisha lipa! Septemba wakakubaliana zitolewe, nusu ihesabiwe kwenye mgao wa 2006. Mwenye duka yeyote hapa ambae mzigo wake wa Idi umewahi kufika Mfunguo Mosi anajua maumivu yale.

Mjomba, kwa nini tusiweke kwota ya mitumba?

Vijana wa mafundi cherehani ndo wanaoniuliza hili. Jumuiya ilijaribu kitu cha karibu na hicho. 2016 viongozi walikubaliana mitumba iondolewe kidogo kidogo mpaka 2019, kwa njia ya ushuru. Rwanda wakapandisha kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50. Marekani wakasema mkiendelea tunatizama upya nafasi yenu ya kuuza kwetu bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda wakarudi nyuma, Rwanda wakashikilia, na 2018 wakasimamishwa faida ile kwa upande wa nguo.

Maoni yangu mie, na mie siuzi mitumba kwa hiyo msiseme najipendelea: ukimnyima mtu belo lazima umwonyeshe shati jengine la bei ile ile, na sisi hatuna. Kwota ingewapa kazi watu wa bandari bubu tu.

Pamba ya Bara inapata faida gani kwenye kwota hizi?

Pamba yetu inatoka Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita huko, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa. Kuanzia 1 Disemba 2024 China walifuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nao, Tanzania imo. Watu wakashangilia. Lakini someni maandishi madogo: bidhaa zenye kwota, sifuri ni kwa ile iliyo ndani ya kwota tu, ikizidi inarudi kwenye ushuru wake. Pamba ni mojawapo. Kwa hiyo tulichopunguziwa kwenye pamba ni ile asilimia 1. Uzi sasa hauna kwota, huko ndo kwenye njia, na uzi unataka kiwanda na umeme usiokatika.

Mie mfanyabiashara mdogo nifanye nini?

Kwanza juu ya mzigo andika ukweli. Hili nalisema kwa kuungua. Mwaka mmoja nilimpa kazi ajenti wa kutolea mzigo, simtaji, yeye kwa kutaka kunisaidia eti, akaandika kanga zangu ni "kitambaa cha mapazia" apate ushuru mdogo. Mie sijui. Afisa akafungua robota, akavuta kanga moja, akaikunjua pale pale mbele ya watu, akasoma kwa sauti: "Mtasema mchana usiku mtalala". Akaniuliza, "Kaka, pazia gani hili linalosema?" Watu walicheka, mie nilitamani ardhi ipasuke. Nililipa tafauti, nikalipa faini, na mzigo ukakaa karibu wiki tatu, gharama ya kuweka inaendelea. Pamba ghafi inaanza na namba 5201, vitambaa vya pamba vyepesi 5208 na kanga zimo humo, mitumba 6309. Mwambie ajenti akuonyeshe namba aliyoandika kabla hajatuma.

Pili, ukitaka mzigo wa Idi usisubiri bei ishuke kwa sababu umesikia China wametoa kwota. Habari ile mpaka ifike kwenye doti Idi ishapita.

Tatu, ghali ya pamba inaleta polista. Kila pamba ikipanda, viwanda vinachanganya na hawakwambii. Vuta uzi mmoja wa pindo uchome: pamba inaungua inanuka karatasi, inaacha jivu, ukilishika linasagika. Polista inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi. Njoo hata dukani kwangu na kiberiti chako, sikasiriki, ila chomea nje.

Sufi yetu ya hapa haiwezi kuwa pamba?

Naulizwa sana hili, na wazee khasa. Misufi ipo tele, na sufi ukiitizama ni kama pamba kabisa. Lakini nyuzi zake ni fupi na zinateleza mno, hazishikani, ukizisokota zinakatika, ndo maana haikwenda kwenye kitambaa ikabaki kwenye mito na magodoro. Mie nnao mto wa sufi aliounishonea mama miaka hiyo, ukiuweka juani saa moja unavimba kama andazi.